Mikopo ya siku 30 inawamaliza vijana

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana na madeni iliwashauri wapunguze anasa. Ushauri si mbaya, ila kinachowamaliza wengi ni mkopo wa siku 30. Ada ya asilimia 10 huonekana ndogo. Asiyeweza kulipa akiongezewa mwezi, ada hutozwa upya, tena juu ya ada ya awali. Baada ya miezi 12, deni la 1,000 hufika takriban 3,138. Mshahara gani hukua kwa kasi hiyo?

Wakopeshaji walazimishwe kutaja riba kwa mwaka, ada zote zikiwemo, kabla mkopaji hajakubali. Naye kijana mwenye madeni kadhaa aorodheshe riba ya kila moja, alipe kiwango cha chini kwa yote, kisha ziada yote aielekeze kwenye deni lenye riba kubwa zaidi, si lile ambalo mdai wake hupiga simu kila siku. Akiba ya dharura isingoje madeni yaishe. Atenge kidogo kila apatapo mshahara, katika akaunti isiyo na kadi, hadi afikishe matumizi ya wiki mbili. Bila hiyo, jino likiuma tu atarudi kwa mkopeshaji yuleyule.

Msomaji wenu