Kabla Hujatuomba Tukate Ekzosi ya Boda Yako

Ombi tunalolisikia sana hapa gereji yetu ya Busia, upande wa Uganda, ni hili: "Fundi, nitolee hayo makorokoro ya ndani ya ekzosi, pikipiki ipumue." Wengine wanataka sailensa itobolewe ili wasikike kabla hawajaonekana. Kazi hiyo hatuifanyi, hata ukiongeza pesa. Ila shida iliyokuleta mara nyingi inatibika bila kukata chuma.

Sheria kwanza. Trafiki anafanya kazi chini ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1998, na pikipiki mbovu anaweza kuizuia kwa kosa lile ambalo kila dereva wa Uganda analijua kwa herufi tatu, DMC, yaani chombo chenye ubovu wa hatari. Kelele zina kanuni zake chini ya sheria ya mazingira, tangu 2003. Ukivuka mpaka kupeleka abiria upande wa pili, Kenya nayo ina kanuni za kelele za mwaka 2009. Utasema boda zinanguruma mchana kutwa na hakuna anayekamatwa. Ni kweli. Lakini siku ya msako ikifika, pikipiki inalala kituoni na mwenye pikipiki bado anadai hela yake ya siku.

Kuna vijana wanaotuletea video za Marekani, ekzosi inang'aa na moto unatoka nyuma, wakidhani huko kila kitu ruksa. Huko ndiko wenye ukali zaidi. Sheria yao ya hewa safi inakataza kuondoa au kuzima vifaa vya kupunguza moshi, na haimwachi fundi wala muuza spea. Mwaka 2016 Harley-Davidson ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 kwa kuuza vifaa vya kurekebisha injini ambavyo serikali ilisema vinaongeza uchafu wa hewa. Ndiyo maana ekzosi nyingi za aina hiyo huandikwa kuwa ni za mashindano tu. Anayekuuzia huku hakusomei maandishi hayo.

Sasa tuje kwenye makorokoro yenyewe. Pikipiki ikiwa na katalisti, ndani ya ekzosi kuna kipande chenye vijitundu kama sega la nyuki, kimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu, rodiamu. Kinaunguza gesi ya sumu na petroli iliyopita bila kuungua. Fundi akikwambia atakitoa bure, jiulize anakipeleka wapi. Na ile hadithi kwamba petroli ya huku inakiua imepitwa na wakati, maana petroli yenye madini ya risasi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikiua, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Katalisti ikiziba, kwa kawaida kuna kilichoiziba: injini inakula oili, au kabureta inamwaga petroli kupita kiasi. Ukitoboa ekzosi, ringi za pistoni zitabaki zimekwisha vilevile.

Korokoro la pili linaonewa zaidi. Angalia kama pikipiki yako ina mpira mwembamba mweusi unaotoka kwenye boksi la hewa kwenda kichwani mwa injini, karibu na ekzosi inapoanzia. Unapeleka hewa safi kwenye moshi ili mabaki ya petroli yamalizike kuungua. Pikipiki ikianza kupiga "pa-pa-pa" unapoachia mafuta ukiteremka mlima, mafundi wengi wanaung'oa mpira huo, wanasukumia goroli ndani na kufunga klipu. Tumeshazitoa goroli nyingi. Ukikagua vizuri, mara nyingi unakuta gasketi ya ekzosi imeungua na hewa inaingia kwenye kiungo, pembeni kuna doa jeusi la masizi. Gasketi ni spea ya bei ndogo, na kuibadilisha hakuchukui hata saa moja.

Kwa hiyo ukija na malalamiko ya "haina nguvu", hatutaanzia nyuma. Tutafungua kichujio cha hewa kwanza, hasa kama unapita barabara za vumbi. Kisha tutoe plagi tuisome: nyeusi yenye masizi ina maana petroli imezidi, nyeupe kabisa ina maana hewa imezidi, rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka. Halafu vali, klachi, mnyororo. Kuna wateja wanaodai injini imechoka kumbe breki ya nyuma ndiyo inashika.

Mabadiliko mengine tunafanya, na tunayafanya kwa furaha: kerea ya mizigo, vyuma vya kukinga miguu, taa ya mbele iliyo bora, springi ngumu zaidi kwa wanaobeba magunia. Sailensa iliyooza tunaichomelea au tunakuwekea nyingine yenye vichuja sauti vyake vyote ndani. Kubadilisha injini tunakubali kwa sharti moja: uje na logibuku na karatasi za ununuzi wa injini hiyo, tulinganishe namba mbele yako, na ukubali kwenda kusajili mabadiliko. Injini isiyo na karatasi hatuigusi, hata ikiwa ya ndugu.

Kama umeshakatiwa ekzosi kwingine, ilete pamoja na kipande kilichotolewa, ikiwa bado unacho. Vingine vinarudishika kwa kuchomelea. Asubuhi mapema ndiyo nzuri, injini ikiwa baridi, kwa sababu plagi na vali hatuzigusi zikiwa za moto.