Alama ya Denham ingetufaa

Ndugu Mhariri,

Nilisahihisha prufu (kurasa za majaribio) katika kiwanda cha uchapaji hadi nilipostaafu, kwa hiyo jicho langu hutua kwenye alama kabla ya maneno. Naona vichwa vya habari siku hizi vinabeba kiulizo na mshangao pamoja, mara nyingine vitatu vitatu kwa mpigo.

Tatizo hili Mmarekani Martin Speckter, mtu wa matangazo ya biashara New York, alilitafutia dawa mwaka 1962. Aliunganisha alama hizo mbili zikawa moja: ‽. Akaiita interobangi. Mwaka 1966 ilichongwa katika mwandiko wa chapa uitwao Americana, na mwaka 1968 kampuni ya Remington ikaitoa kama kitufe cha taipureta. Haikudumu. Binafsi sishangai: ukiikuta katika herufi ndogo za gazeti utadhani ni doa la wino.

Ninayoililia ni nyingine, ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1580, mchapaji wa London aitwaye Henry Denham alitumia kiulizo kilichogeuzwa kushoto, ⸮, kwa swali lisilotaka jibu. Karne ya 17 ikaizika. Hasara kubwa! Wanasiasa wetu huuliza maswali ya aina hiyo kila jukwaa, na waandishi wenu huyachapa kama vile kuna anayesubiri kujibiwa.

Simu yangu inaziandika zote mbili, kwa hiyo kisingizio cha mitambo hakipo. Ijaribuni hiyo ya Denham japo kwenye ukurasa wa katuni.

Msahihishaji mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam