Siku mbili Mombasa: zipange kwa saa, orodha iache nyumbani

Mgeni mmoja wa Nairobi alituandikia akiwa na orodha ya vitu kumi na vinne. Fort Jesus, milango ya Mji wa Kale, pembe za ndovu za Moi Avenue, Haller Park, feri ya Likoni, ufuo wa Diani, mashua ya jioni, biriani, leso, viungo vya soko la Marikiti, na vingine vya namna hiyo. Orodha haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mistari miwili ya mwisho: siku zake zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na chumba alikuwa ameshalipia Diani.

Badala ya kumjibu kwa maandishi tulimpigia simu. Haller Park, ile bustani ya wanyama, iko Bamburi, kaskazini. Diani iko kusini, ng'ambo ya feri. Fort Jesus, ile ngome ya kale, iko katikati, kisiwani. Ukivitia vyote katika Jumamosi moja, utakachokiona vizuri ni mgongo wa lori lililo mbele yako.

Sisi ni watu watatu, kazi yetu ni kutembeza wageni kwa miguu ndani ya Mji wa Kale. Hatuuzi tiketi za treni wala vyumba vya hoteli, kwa hiyo tunayoyasema hapa kuhusu treni na vyumba hayatutii senti mfukoni. Tunayasema kwa sababu wageni wengi wanatufikia wameshachoka na wameshachelewa, halafu tunaulizwa kama matembezi ya muda wa saa tatu yanaweza kufanywa kwa dakika arobaini. Yanaweza, ila mgeni anaondoka na picha tu, hadithi zinabaki.

Jambo la kwanza la kukaa nalo kichwani: Mombasa yenyewe ni kisiwa. Magharibi unatokea Makupa, kaskazini unavuka daraja la Nyali, kusini unapanda feri ya Likoni. Njia ni hizo, na kila mtu wa mji huu anazitegemea asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, na kuvuka kwenyewe ni kwa dakika chache. Gari ndilo linalokwama kwenye foleni. Na ukiwa pale, simu iweke mfukoni, feri haipigwi picha.

Kwa hiyo kama umekuja kuona mji, lala kisiwani. Kama umekuja kuogelea, lala Diani au Nyali, uje mjini asubuhi moja tu na usijidai kwamba utafanya zaidi ya hapo. Anayetaka Diani moja kwa moja kutoka kituo cha treni hahitaji tena kupita feri, kwani barabara ya Dongo Kundu inamtoa upande wa Miritini, kilipo kituo, hadi kusini bila kukanyaga kisiwa. Ni nafuu kubwa kwake, ingawa kwetu ni mgeni tuliyempoteza.

Sasa treni. Madaraka Express ilianza 2017, na nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ilipanda hadi shilingi 1,500 mnamo Januari 2024, daraja la kwanza 4,500. Tiketi inakatwa kwa simu kupitia *639# au mtandaoni, na jina la kwenye tiketi lazima lilingane na la kitambulisho. Kuna treni ya saa 2 asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya saa 9 alasiri na ya saa 4 usiku, na saa ni zizo hizo ukianzia Nairobi au ukianzia Mombasa. Fika kituoni saa nzima kabla, maana mizigo inapangwa chini, mbwa wapite waikague, halafu kuna mashine, halafu kuna foleni nyingine.

Wengi huipenda ile ya saa 4 usiku wakidhani wameokoa pesa ya kulala. Hesabu hiyo haitoki. Unashuka Miritini alfajiri mbichi, saa 9 na nusu au saa 10, watoto wamelala mabegani, na hoteli nyingi hazikupi ufunguo kabla ya mchana. Basi utakaa kitini mapokezi, saa 2 unakunywa chai, saa 4 macho yanafunga, na Jumamosi asubuhi, ambayo ndiyo saa bora ya mji huu, umeilala. Sisi tunapendekeza ile ya Ijumaa saa 9 alasiri. Unafika kama saa 2 usiku, teksi ya kama nusu saa ikiwa barabara iko shwari, unakula, unalala, unaamka na mji.

Na mji unaamka mapema. Saa 1 asubuhi Mji wa Kale una kivuli upande mmoja wa kila kichochoro. Mama wa mahamri ana karai motoni, mbaazi za nazi zimeshaiva, na wenye baraza zao wanafagia. Mgeni anayepita saa hiyo anasalimiwa, naye aitikie. "Subalkheri" inafungua mlango ambao noti ya elfu haiufungui. Jua likishafika utosini hali inabadilika: mawe yanarudisha joto, maduka yanashusha milango, watu wanaingia ndani, na wewe unabaki peke yako njiani na chupa ya maji ya uvuguvugu ukijiuliza raha iko wapi.

Ndiyo maana matembezi yetu huanza saa 1 na kuisha saa 4. Tunaanzia Ndia Kuu. Jina lenyewe ni somo dogo la Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwani "ndia" ndiyo "njia" ya Kiswahili sanifu. Hapo tunasimama mbele ya mlango mmoja tu kwa muda ambao wageni wengine wangekuwa wameshapita milango ishirini. Tazama mfaa, ule mti wa katikati ambapo mabawa mawili ya mlango yanakutana. Mara nyingi fundi aliweka hapo nakshi yake nzito kuliko pengine pote. Juu ya kizingiti pengine utakuta maua ya duara yenye asili ya Kihindi, pengine aya au mwaka kwa herufi za Kiarabu. Halafu pitisha kidole pembezoni, penye nakshi ya mnyororo. Kwenye milango ya zamani kweli mbao imelainika kwa kushikwa, kama mpini wa jembe. Mlango ulionakshiwa juzi kwa ajili ya hoteli hauna ulaini huo, na ukishagusa mmoja wa kweli hudanganywi tena. Inua macho: roshani za mbao zinakaribiana mpaka majirani wangeweza kupeana chumvi.

Kutoka hapo tunapita msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ni wa 1570, mnara wake mnene mweupe ukichongoka juu kama koni. Asiye Mwislamu haingii bila kuruhusiwa, na kuuangalia kutoka nje kunatosha. Tunateremka hadi bandari ya kale kwenye mlango wa Tudor. Meli kubwa zilihamia Kilindini zamani, hapa zimebaki mashua na majahazi. Ukikuta maji yamekupwa utaona matumbawe meusi na boti zimelala ubavu. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari inapanda na kushuka karibu mita nne, kwa hiyo aliyeahidiwa mashua ya jioni na aulize maji yanajaa saa ngapi siku hiyo kabla ya kulipa.

Fort Jesus tunaiacha iwe ya mwisho asubuhi hiyo, kwa kuwa ina kuta nene na vyumba vya kujifichia jua. Tunaomba uipe muda wa saa mbili kamili. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, na ukiitazama kutoka juu kwenye picha umbo lake linafanana na mtu aliyelala chali. UNESCO iliiandikisha urithi wa dunia mwaka 2011. Haya utayasoma kwenye ubao langoni.

Ambalo mtu hulipita haraka ni ule ukuta wenye michoro ya meli, samaki na makanisa iliyochorwa na Wareno wa ngomeni kwa mkaa na udongo mwekundu. Hao ni vijana waliokaa mbali na kwao wakisubiri barua. Simama hapo kidogo. Halafu nenda upande wa bahari nikusimulie 1631, Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa, alivyowageukia Wareno waliomkalisha kitini na kuitwaa ngome yao. Kisha 1696, Waomani walipouzingira ukuta huu mnamo Machi na kukaa hadi Desemba 1698. Ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili wa Faza, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Siku chache baada ya ngome kuanguka, merikebu za msaada kutoka Goa zilitokea upeoni, zikaona bendera si yao, zikaenda zao. Mahali pa kusimulia hayo ni hapo ukutani, macho yakiwa baharini. Mle makumbusho mna pia vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama papa hapa 1697, na baada ya kuusikia mkasa vile vyungu na mizinga vinakuwa na maana nyingine. Waingereza nao waliigeuza ngome kuwa jela kutoka 1895 hadi 1958. Milango ya jela bado ipo, watoto huipenda kuliko yote.

Malipo ya kuingia yanapitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema na uje na kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni wa nje.

Neno moja kuhusu langoni. Watakufuata watu, wengine wanajua historia vizuri kabisa, wengine wanajua majina matatu tu. Ubaya ni ule mtindo wa kuanza kutembea nawe kirafiki, bei isitajwe, kisha mwishoni itajwe kwa sauti. Nimewahi kumwona mama mmoja akilipa mara mbili, kwanza wa langoni, kisha mwingine aliyedai ndiye mwenye zamu. Uliza bei kwanza, uliza kibali cha mwongoza watalii, na kama hakioneshwi shukuru uende. Hata sisi tuulize.

Kuanzia saa 6 hadi saa 9 usipange kitu. Kula, lala. Tunajua mtu aliyelipa nauli anaona usingizi ni hasara, lakini saa 10 alasiri utakuwa mzima wakati wenzako wamekunja uso. Hapo ndipo pa Biashara Street kwa leso. Soma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujanunua, maana leso ni ujumbe, na ukimpelekea mama mkwe yenye maneno ya mafumbo usitulaumu. Marikiti kwa viungo iko karibu. Pembe za Moi Avenue ni za alumini, zilitundikwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme wa Uingereza. Piga picha ukiwa ndani ya tuktuk, inatosha. Jioni rudi Mji wa Kale kwa kahawa chungu kutoka kwenye dele la shaba, na mishkaki.

Kuhusu siku yenyewe: Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa sala, mpaka saa 8 hivi. Ramadhani mchana ni kimya, hupati pa kula kwa urahisi, na tungekusihi usile njiani. Lakini baada ya magharibi viazi karai, kaimati na sambusa zimejaa barazani, na wapo wageni wetu wanaokuja mwezi huo makusudi. Masika, Aprili na Mei, vichochoro vinapitisha maji. Februari na Machi joto ni la kutisha. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapuliza na ndiyo miezi tunayoipenda kutembeza watu. Desemba tunafanya kazi sana, ila Desemba tiketi za treni ni vita. Mavazi, mabega na magoti yasitirike, mwanamume kwa mwanamke. Picha za watu, omba.

Jumapili? Iache nyepesi. Asubuhi Nyali kwa bahari, au Haller Park kama una watoto, kisha moja kwa moja Miritini kwa treni ya saa 9, na uondoke Nyali kabla ya saa 6. Yule mgeni wa vitu kumi na vinne alihamisha chumba, akabaki na vitu sita, kimoja kati yake kikiwa ni kulala mchana.

Ukituandikia, anza na saa ya treni yako ya kurudi na idadi ya watu, na kama kuna mzee au mtoto wa kubebwa. Kundi letu halizidi watu sita, bei tunakubaliana kabla hujatoka hotelini, na mvua ikinyesha saa 1 tunasogeza hadi saa 3 bila kukutoza.