Zuhura, nijibie mtoto huyu

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, joto tu ndilo limetukalia kichwani. Najua nina deni la barua tangu Idi, na wewe una deni la sahani yangu ya bluu, kwa hiyo tusidaiane. Tena ile Idi yenyewe ulikuja mbiombio, waja leo waondoka leo, hata pilau lilikuwa halijapoa.

Kilichonishikisha kalamu ni Rukia. Yuko kidato cha pili sasa, kanipita kimo. Juzi kaja na daftari limejaa wino mwekundu. Kaandika "I go always to the market", mwalimu kakata, kaandika juu yake "I always go". Basi, hakueleza neno. Mtoto kaniuliza, "Mama mdogo, kwa nini always iingie katikati?" Nikamjibu ndivyo Waingereza wasemavyo. Akanitazama kama unavyomtazama muuza samaki anayeapa wamevuliwa alfajiri.

Ikabidi nikae chini. Nikamwambia kielezi kinachosema mara ngapi hupenda kukaa kati ya mtendaji na kitenzi: "I always go", "she often cooks", "they never pay". Huo wa tatu niliutoa moyoni, unajua nawasema nani. Akaandika yote. Kisha: "Mbona kitabuni kuna 'she is always late'?" Haya. Nikakumbuka kwamba "am, is, are" ni wakubwa, hawatanguliwi, kielezi hupanga nyuma yao. Na kikiwepo kitenzi kisaidizi, hufuata kisaidizi cha kwanza: "I have never seen", "she will probably come". Nikadhani tumemaliza, nikaenda kuchuja tui langu.

Wapi! Kaja mpaka jikoni na "I like very much fish", nayo imekatwa. Hilo angalau nililijua linatoka wapi. Sisi tunasema napenda sana samaki, hiyo sana imejikalia kati ya kupenda na samaki na hakuna anayegomba. Mwingereza hataki kitu kimtenge kitenzi na samaki wake. Atasema "I really like fish", au sana yake aipeleke mwisho.

Lakini lililoninyima usingizi ni lile swali la kwanza. Maana kwetu, Zuhura, utaingilia wapi? Nafsi imeganda kwenye kitenzi. Naenda. Hapo daima utaichomeka wapi, nidaimaenda? Rukia alicheka mpaka akapaliwa. Ndiyo sababu vielezi vyetu vinabaki nje: naenda daima, naenda mara nyingi. Ukileta mimi unaweza kusema mimi daima naenda, sawa, kimekaa katikati, lakini kati ya mimi na naenda. Ile nafsi iliyomo ndani haijaachana na tendo lake. Nikamwambia hivyo, na nikajiona nimesomesha.

Usiku nikalala, nikajisemea, "leo nimeshachoka." Nikaketi kitandani. Sha! Mwingereza anasema "I have already eaten", mimi nasema nimeshakula. Ipange uone: ni, me, sha, kula. Yeye kaiweka "already" baada ya "have", nasi sha yetu iko palepale baada ya me, kabla ya kula. Miaka yote tumekuwa tukiingiza neno katikati na hatujui! Ningali nasubiri nayo, si ndiyo "I am still waiting"? Na sijala, hiyo ja imekwisha beba "yet" yao, hata bado ukiiacha mtu anakuelewa.

Nakusikia ukipinga. Utasema sha si kielezi, ni kile kitenzi kwisha kimechakaa, na wazee wetu wanasema nimekwisha kula mpaka leo. Nakubali. Ila mtoto wa kidato cha pili hana haja na ukoo wa sha. Anataka kujua kwamba hilo jambo si uchawi wa Wazungu, mdomo wake mwenyewe unalifanya kila akishiba.

Sasa linaloniuma ni la Kombo. Unaikumbuka ile barua niliyomwandikia ya kumpigia debe apate kazi? Nilitaka kusema anafanya kazi kwa uaminifu. Nikaandika "he honestly works", tena kwa majivuno, kielezi si kimekaa katikati? Kumbe pale katikati "honestly" hugeuka kiapo: jamani, wallahi huyu anafanya kazi! Kama kwamba kuna mtu kakataa. Ilitakiwa mwisho, "he works honestly". Kazi hakupata. Sisemi ni neno langu, hata usaili wenyewe alichelewa, lakini tukikutana sokoni mimi huyaangalia machungwa ya Muheza kama sijayaona maishani. Na Rukia sijamweleza upande huo bado. Akijua kwamba kielezi kikihama maana nayo yaweza kuhama, atahamia kwangu.

Niambie basi wewe unayewafundisha kila siku: unaanza na lipi, kanuni au mifano? Ukiwaonyesha nimeshakula wanafunguka macho, au unawavuruga zaidi? Na wakikuuliza kwa nini "I yesterday went" haiendi ilhali "I never went" inaenda, unawajibuje? Lile daftari lako la chuoni ulilolivika kipande cha kanga bado unalo, au panya wameshajisomea? Utaniazima? Goti la Mama Saumu linaendeleaje? Sahani yangu ni nzima? Na Kombo je, nimwambie, au ninyamaze hivihivi?

Wako,
Mwanaidi