Barua kwa Mama Rukia: hotuba ya Neema

Mama Rukia, shoga yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba Rukia na wote hapo nyumbani. Sisi huku Marekani wazima, tunashukuru Mungu. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Zamu za usiku zimezidi, na saa ninayotoka kazini asubuhi huku, huko ni jioni, wewe ndiyo unapepea moto wa viazi karai, huna mkono wa kushika simu. Ningekutumia sauti kwa WhatsApp, lakini nakujua, ungeifungulia hapo hapo kibandani na Changamwe nzima isikie. Hii nataka uisome chumbani, peke yako, ukiwa umekaa.

Ni habari ya Neema. Usishtuke, hajambo, wala hajaleta mkwe.

Chuo chao kila mwaka hufanya karamu kubwa ya kuchangisha fedha, wanaiita Peace Gala. Wafadhili wanaalikwa, wanaume na suti zao nyeusi, wanawake na magauni ya kuburura, watu wanakula, halafu wanatunukiwa viongozi walioonyesha uraia wa dunia, yaani waliofanya jambo likawafaa watu hata ng'ambo ya mipaka ya nchi zao. Mwambie Baba Rukia ni chuo kile kile, Soka University of America, na bado si cha mpira. Soka kwa Kijapani ni kuumba thamani. Mwanzilishi wake ni Mjapani, Daisaku Ikeda, yule aliyefariki mwaka 2023, na hilo neno raia wa dunia ndiyo nguzo ya chuo chenyewe. Ndiyo maana kila mwanafunzi lazima aende kusoma nchi nyingine muhula mmoja akifika mwaka wa tatu. Neema zamu yake mwakani, na Kifaransa anakikazania mpaka usingizini.

Sasa, mwaka huu Neema amechaguliwa asimame aseme kwa niaba ya wanafunzi. Dakika tatu. Nilipopata habari nililia garini, nikachelewa kuingia kwa bibi ninayemtunza. Hakuna aliyempangia maneno. Wamemwambia aseme linalomtoka moyoni. Jumapili akaja na karatasi, akaniambia, "Mama, soma." Nilikuwa nakaanga samaki. Nikafuta mikono, nikaishika kwa ncha za vidole isilowe mafuta, nikasoma mstari wa kwanza.

"Nilikulia katika umaskini, bila mama, bila chochote."

Shoga, hilo la bila mama limenichoma, lakini nimelimeza, kwa sababu miaka sita niliyomwacha kwako ni miaka sita na mimi ndiye niliyeondoka. Silo ninalokuandikia. Nilishuka chini mpaka aya ya tatu, nikakuta: "jirani mmoja maskini alinihifadhi." Nikarudia kuisoma. Jirani mmoja! Nikamuuliza, huyu jirani ni nani? Akaangalia chini. Akasema, "Ni Mama Rukia." Nikamwambia, basi mbona hana jina?

Samaki waliungua. Tulikula ugali na mchicha.

Unajua alinijibu nini? Alisema, "Mama, watu hawatoi pesa kwa mtoto aliyeshiba." Hakusema kwa jeuri, alisema kama mtu anayenieleza njia ya basi. Sikuwa na jibu usiku ule, na ndilo limenikosesha usingizi hata mchana, saa zangu za kulala.

Si kwamba nawachukia wenye kutoa. Hapana, nitakuwa mtovu wa shukrani. Chuo kina utaratibu wa kutowatoza ada ya masomo watoto wa familia zenye kipato cha dola 60,000 kwa mwaka kwenda chini, na bila huo Neema angekuwa anapanga makopo supamaketi. Pesa hizo zimetoka mifukoni mwa watu. Na karamu hizi za Marekani kumbe ni harambee tu iliyovaa viatu vya ngozi. Meza nzima hununuliwa na kampuni au familia. Pengine kuna mnada, watu wanainua vibao vyenye namba, huyu kataja elfu, yule kaongeza. Hata risiti inakuandikia sehemu gani ya pesa yako ni chakula ulichokula na ipi ni sadaka, kwa sababu hiyo ya sadaka tu ndiyo unayoweza kuipunguza kwenye hesabu ya kodi ya serikali. Ile ya kuku na divai haihesabiwi.

Niliposikia habari ya mnada nikakumbuka yule jogoo. Unamkumbuka? Harambee ya Neema, uwanja wa shule, viti vya kuazima msikitini na kanisani, hema moja limepasuka. Mzee wa makuti hakuwa na shilingi, akaleta jogoo. Akanadiwa, aliyemnunua akamrudisha, akanadiwa tena, mara tatu mpaka jogoo mwenyewe akachoka kupiga kelele. Na aliyetoa hamsini jina lake lilisomwa kwenye spika sawasawa na la mheshimiwa aliyetoa elfu ishirini, na vigelegele vya yule wa hamsini vilikuwa vikubwa zaidi. Wewe ulitoa nini? Jina lako halikusomwa kwa sababu ulikuwa nyuma unapika pilau ya watu mia mbili.

Sasa mtoto aliyetoka kwenye uwanja ule anasema alikulia bila chochote. Nielewe. Kama angesema tulikuwa hatuna pesa, ningesaini mimi mwenyewe. Mvua ilikuwa inatunyeshea ndani, yeye anajua na wewe unajua. Lakini bila chochote? Na ile saa kumi ya usiku unaamka kukanda unga wa mahamri, yeye amekaa juu ya ndoo anasoma kwa mwanga wa jiko kwa sababu stima imepotea? Na lile daftari la madeni, jalada lake limelowa mafuta mpaka unaona maandishi ya upande wa pili, ambalo ndilo alilojifunzia hesabu? Mpaka leo akijumlisha ananyanyua midomo vile vile ulivyokuwa ukifanya wewe. Walimu wake wanamsifu kwa hesabu, hawajui zimetoka kwenye mahamri ya mkopo.

Halafu kuna jambo jingine, na hili Neema mwenyewe ndiye aliyenionyesha mwaka jana nilipomtembelea. Pale chuoni kuna jengo la madarasa linaloitwa kwa jina la Wangari Maathai. Wangari wetu! Nimesimama mbele ya lile jina, milima ya Aliso Viejo, mji wa California kilipo chuo, nyuma yake, nikahisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Alionana na huyo Ikeda Tokyo mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya Nobeli yake ya Amani. Na kumbuka yeye naye alikuja Marekani kwa michango ya watu. Mwaka 1960, enzi za ndege za Tom Mboya za kuleta wanafunzi Marekani, akapelekwa Kansas kwenye chuo cha masista, mji wa Atchison. Aliporudi akapata shahada yake ya udaktari, PhD, Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti, Ukanda wa Kijani. Sasa fikiria nani alipanda ile miti. Ni kina mama wa vijijini, wakilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Dunia ilimtunuku Wangari, na ni haki yake kabisa, lakini Wangari popote aliposimama aliwataja wale kina mama. Hakusema jirani mmoja maskini.

Nilimwambia Neema hilo jana kwa simu. Alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Lakini Mama, nikimtaja, si nitakuwa namwanika Mama Rukia mbele ya matajiri? Labda hataki." Nikaona mtoto ana akili kuliko mimi. Mimi nimekaa wiki nzima nadai jina lako liwekwe, wala sijakuuliza mwenye jina. Ndiyo sababu ya barua hii.

Karamu ni baada ya wiki tano, siku ya Jumamosi. Mwenzangu mmoja wa Kisii amekubali kubadilishana zamu, kwa hiyo nitakuwepo. Neema ananiambia nivae gauni refu jeusi kama wengine. Mimi nataka nishone la kanga. Hapa ndipo nakuomba msaada: nenda Biashara Street, nitafutie doti mbili zinazofanana, moja yangu na moja ya Neema ajifunge begani. Nitakutumia kwa M-Pesa Ijumaa nikilipwa. Jina uchague wewe, maana mwandishi wetu ni wewe, ila tafadhali usiniletee la mafumbo ya mke mwenza, kuna Wakenya wengine watakuwepo na watasoma. Mpe yule mpwa wa Mama Kadzo, anasafiri kuja Los Angeles mwisho wa mwezi, nishaongea naye.

Sasa nijibu haya, hata kwa kipande kipande, na ukitaka kwa sauti sawa, ila ujifungie kwanza. Unakubali jina lako litajwe? Likitajwa, unataka uitwe Mama Rukia au jina lako la shuleni? Neema akuite jirani, shangazi, au mama? Mimi sitaona wivu, nimekwisha kujiuliza hilo na nimelijibu. Ile miaka ulikuwa unakanda kilo ngapi kwa siku, tano au saba? Yeye anasema saba, mimi nakumbuka tano, na ninataka akisimama pale aseme kweli. Lile daftari bado lipo, au lilichukuliwa na mafuriko? Likiwepo unaweza kunipigia picha ya ukurasa mmoja, wowote, hata wenye deni langu? Na mzee wa makuti, macho yake yanaendeleaje, walimpasua Coast General au bado wanamzungusha na tarehe? Na Rukia amejifungua? Mbona hukuniambia ni mwezi gani?

Neema anaandika upya Jumapili hii. Nimemwambia aache nafasi tupu kwenye aya ya tatu mpaka ujibu.

Ni mimi,
Mama Neema

Unga ukipanda tena niambie, usijifiche.