Mishahara miwili, kodi ya asilimia 30: nimwendee mtaalamu gani?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya binafsi hapa Unguja, mkaazi wa Fuoni, na tangu mwanzo wa mwaka jana nafanya kazi ya pili mwishoni mwa wiki, ya mapokezi katika hoteli moja ya ukanda wa mashariki. Nakuandikia kwa sababu makato ya kazi hii ya pili yamenitatiza, na kila niliyemwendea anifafanulie ama hakujua, ama alitaka kuniuzia kitu.

Skuli inanilipa shilingi 420,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hutolewa kwanza mchango wangu wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kisha kodi ya mshahara, ile PAYE, ikapigwa kwenye kilichobaki, na salio likaingia benki. Hapo sina neno. Slipu yao inasomeka, na mpangilio wa makato ndio ule ninaoufahamu, kwamba mchango wa lazima wa mfuko wa hifadhi ya jamii hauhesabiwi ndani ya kiasi kinachotozwa kodi.

Hoteli inanilipa shilingi 240,000. Slipu yao ni kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, chenye jina langu lililokosewa herufi moja, safu ya ZSSF iliyoachwa tupu, na chini yake kodi ya shilingi 72,000, ambayo pembeni yake mtu ameandika kwa kalamu ya buluu "30%". Kwa hiyo mshahara mdogo ndio unaokatwa kodi kubwa. Nilipomuuliza msimamizi wa utumishi pale hotelini, alinigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe kwamba mfumo wao umenisajili kama mwajiriwa wa ajira ya pili, na akanambia kwamba mtu wa aina hiyo hukatwa kwa kiwango cha juu kabisa, bila ya kupandishwa ngazi kwa ngazi, kwa sababu ngazi zake amekwishazitumia kwa mwajiri wa kwanza.

Nimejiridhisha kwamba katika hili hakunidanganya. Kodi ya mapato ya mtu binafsi nchini mwetu hupanda kwa ngazi: kiasi cha chini hakitozwi kitu, kinachozidi hapo hutozwa kiwango kidogo, na kuendelea hadi asilimia 30 kwa wenye mishahara mikubwa, na mwajiri wa pili hutakiwa kukata kwa hiyo asilimia 30 moja kwa moja, ili msamaha wa ngazi ya chini usitolewe mara mbili kwa mtu mmoja. Mantiki yake naielewa. Nisichokikubali ni kwamba hesabu iishie hapo. Mishahara yangu yote miwili ikijumlishwa inafika shilingi 660,000, na kwa jumla hiyo hakuna hata shilingi yangu moja inayopaswa kufika kwenye ngazi ya asilimia 30. Kama nimefahamu sawasawa, kilichokatwa hotelini ni malipo ya tahadhari tu, na hesabu ya kweli hufanywa mwisho wa mwaka wa mapato, pale mlipakodi anapowasilisha ritani yake, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, akajumlisha vyanzo vyote, akapiga kodi kwa ngazi, akatoa kilichokwishakatwa na waajiri wote wawili, na kama kimezidi akadai arejeshewe.

Mwalimu mwenzangu mmoja anashikilia kwamba mwajiriwa hana haja ya kupeleka ritani, kwa kuwa mwajiri ndiye anayemaliza kila kitu. Naamini hilo linamhusu yeye, mwenye mwajiri mmoja na asiye na kipato chengine. Mimi mwenye waajiri wawili sheria hainiweki katika kundi hilo, na kwa kuwa mwaka wa mapato ni mwaka wa kalenda na ritani hutakiwa ndani ya miezi sita baada yake, basi muda wangu unaishia tarehe 30 Juni. Ndiyo maana nina haraka kidogo.

Mwengine alinielekeza niende ZRA, akisema kwamba Zanzibar tuna mamlaka yetu ya mapato. Ni kweli tunayo, na tangu mwaka 2022 ndilo jina la iliyokuwa Bodi ya Mapato, lakini kodi ya mapato ni jambo la Muungano, inakusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, huku kwetu kama ilivyo Bara, ilhali ZRA inashughulikia kodi zisizo za Muungano kama vile ushuru wa hoteli. Nalitaja hili kwa sababu nimekutana na watu wazima wenye biashara zao ambao bado wanazichanganya ofisi hizi mbili, na mtu wa kawaida anaweza kupoteza siku nzima katika foleni isiyomhusu.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi. Ili nipewe haki ya kutoa kile kilichokwishakatwa, nahitaji cheti cha kodi ya zuio kutoka kwa kila mwajiri, kinachoonesha nililipwa kiasi gani kwa mwaka na nikakatwa kiasi gani. Cheti hicho mwajiri anatakiwa amkabidhi mwajiriwa kabla ya kumalizika tarehe 30 Januari ya mwaka unaofuata. Skuli wamenipa changu. Hotelini kila nikienda naambiwa mhasibu yuko Dar es Salaam, au mfumo haufunguki, au nirudi baada ya mwisho wa mwezi. Mwajiri anapaswa kupeleka kodi ya mshahara ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika, na ndiye anayebeba dhamana ya kodi hiyo tangu alipoikata. Lakini mimi sina njia ya kujua kama zile 72,000 za kila mwezi zimefika zinakotakiwa au zimebaki kwenye akaunti ya hoteli kulipia dizeli ya jenereta. Simtuhumu mtu. Ila ukimya unapozidi, mtu huanza kujiuliza.

Kuna pia suala la bahasha. Katika miezi ya wageni wengi, Julai hadi Septemba na tena Disemba, hoteli hugawa sabisi chaji, ile ada ya huduma wanayotozwa wageni, kwa wafanyakazi, na fungu langu huja katika bahasha isiyo na maandishi, wala halioneshwi kwenye slipu. Wenzangu wanaifurahia hali hii. Mimi naona kwamba sheria huhesabu posho na marupurupu ya kazi kuwa sehemu ya mapato ya ajira, na sipendi kuweka sahihi yangu kwenye ritani inayosema nimepokea 240,000 tu ilhali baadhi ya miezi nimepokea zaidi. Je, natakiwa kuyaandika mapato hayo mwenyewe, hata kama mwajiri hakuyaandika? Na nikiyaandika, si itakuwa nimemshitaki mwajiri wangu kwa kalamu yangu mwenyewe?

Na ile safu tupu ya ZSSF nayo sijaisahau. Msimamizi anasema kwamba mimi tayari ni mwanachama kupitia skuli, kwa hiyo hawana wajibu wa kunichangia. Jawabu hilo haliniingii akilini, kwa kuwa mchango huenda na ajira na mshahara, na sehemu ya mwajiri ni kubwa kuliko yangu. Tena kama ungekatwa, hata kiasi kinachotozwa kodi kingepungua. Nimefikiria kuiuliza ZSSF moja kwa moja, lakini nataka kwanza kujua kama swali langu litachukuliwa kuwa malalamiko rasmi dhidi ya hoteli, kwa sababu mkataba wangu wa kule ni wa mwaka mmoja mmoja na unahuishwa kila Machi.

Shemeji yangu ana suluhisho jepesi: niwaambie hoteli wanifute kwenye slipu na wanilipe mkononi. Hana nia mbaya, na pale hotelini wapo wanaolipwa hivyo. Lakini nina kiwanja Tunguu nataka kuanza kukijenga, na benki yoyote nitakayoiendea, hata kwenye dirisha la Kiislamu ambako ndiko ninakokusudia kwenda kwa sababu ya kuogopa riba, itataka kuona mapato yangu kwa maandishi. Mshahara wa mkononi hauonekani popote. Zaidi ya hayo, nikiugua au nikiachishwa, nitakuwa nimefanya kazi miaka yote hiyo bila ya kumbukumbu.

Hapa ndipo linapokuja ombi langu la pili, la mtaalamu. Niliambiwa nitafute "mtu wa kodi", na nikampata mmoja kupitia rafiki, mwenye ofisi ndogo upande wa Mlandege. Alizungumza vizuri na kwa kujiamini, lakini mambo mawili yalinitia wasiwasi. Alitaka nimpe TIN yangu, ile namba ya mlipakodi, pamoja na neno la siri la akaunti yangu ya mtandao wa kodi, ili ajaze ritani mwenyewe bila ya mimi kuwepo; na akataka theluthi moja ya marejesho, nusu yake ikilipwa kabla. Nilipomuuliza kama amesajiliwa na TRA kuwa mshauri wa kodi, au kama ni mhasibu anayetambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, alicheka akasema hizo ni karatasi za watu wa makampuni. Nikamshukuru nikaondoka.

Wa pili alikuwa kijana wa benki. Nilimweleza habari za kodi, naye akanijibu kwa mkopo wa mshahara, tena akanionesha kiasi ninachoweza kukopa kabla hata sijamaliza sentensi yangu. Wa tatu aliniletea bima ya maisha. Wa nne, dada mmoja mcha Mungu tunayecheza naye upatu, alinishauri ninunue vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na huenda ana haki, maana yeye amenunua kidogo kidogo na anaridhika. Lakini yeye ana mume anayelipa umeme na ada za watoto, na mimi namsaidia mama yangu Wete na mdogo wangu aliyeko chuoni. Ushauri unaomfaa yeye hauwi wangu kwa sababu tu sote ni walimu.

Ninachokitafuta ni mtu mmoja aliyetulia, ambaye nitamlipa ada yangu kwa saa au kwa kazi, ayatazame mambo yangu yote kwa pamoja: kodi ya mishahara miwili, kinachowekwa ZSSF na kama inafaa nijiunge pia na mpango wao wa hiari, mchango wa Mfuko wa Huduma za Afya, upatu wa kila mwezi, na huo ujenzi wa Tunguu; kisha anambie kipi kitangulie. Asipokee kamisheni ya benki wala ya bima. Awe anafahamu utaratibu wa Zanzibar, kwa sababu vikokotoo vingi vya PAYE nilivyovikuta mtandaoni vimepangwa kwa jedwali la Bara, na mtu wa Kariakoo aliyenisaidia kwa simu alikuwa akisoma jedwali hilo hilo bila ya kuuliza nafanya kazi wapi. Na anielewe ninaposema kwamba faida ya riba sitaki, asinione kuwa mtu nisiyejua hesabu.

Kwa hiyo, ndugu Mshauri, maswali yangu ni haya. Hoteli ikiendelea kuninyima cheti, naweza kupeleka ritani kwa kutumia slipu za kila mwezi na taarifa ya benki, na je, TRA wanaweza kunithibitishia kama makato yangu yamewafikia? Nikishaonekana nimelipa zaidi, marejesho hutolewa kwa fedha au huhamishiwa kwenye kodi ya mwaka ujao, ambayo kwa hali yangu itazidi tena vile vile? Ipo njia ya kuwaomba waajiri wote wawili, tangu sasa, wakate kwa hesabu ya jumla, ili nisiwe kila mwaka ninaikopesha Serikali shilingi nyingi kuliko ninazoweka akiba mwenyewe? Kuhusu safu ya ZSSF na bahasha, nianzie kwa nani bila ya kuhatarisha mkataba?

Na la mtaalamu: kwa mtu wa kipato changu, ni busara kumlipa mshauri wa kodi aliyesajiliwa kwa ajili ya ritani hii moja, kisha nimtafute mwengine wa mambo ya akiba na ujenzi, au kuna wahasibu hapa Unguja wanaoyafanya yote mawili? Ni kiasi gani kinachostahiki kulipwa kwa kazi ya namna hii, ili nijue ninapotajiwa bei kama ni ya haki? Ningependa pia unipe maswali ya kumuuliza mtaalamu siku ya kwanza, kwa kuwa lile la usajili tayari limenisaidia mara moja.

Nakuomba, ikiwezekana, jawabu litoke kabla ya mwisho wa Mei, ili nibakiwe na mwezi mmoja wa kuzunguka maofisini. Jina langu naomba lisichapishwe, kwa sababu skuli hawajui hoteli ni ipi, na hoteli wanasoma.

Wassalaam,

Mwalimu wa Fuoni, Unguja