Barua kwa Suleiman: msimu ule wa pointi 108

Yakhe Suleiman,

Assalaam alaykum. Hali yako, na baridi ya Belgrade inakwendaje? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Nilimpitia mama yako Ijumaa baada ya sala, anakusalimu sana na anasema koti ulifunge mpaka shingoni. Zuwena kajifungua mtoto wa kike, yeye na mwanawe hawajambo. Kina Maulidi wameezeka nyumba upya na ule ugomvi wa ukuta umekwisha bila kufika mbali. Najua nimekaa kimya mno, na leo ningekuandikia habari za nyumbani tu, lakini kuna neno lako limenikaa kifuani.

Ule ujumbe wa sauti ulioleta, kwamba mpira wa huko Serbia ni timu moja tu, Red Star, na wengine wote wasindikizaji, niliufungulia barazani. Watu wakacheka, wakakubaliana nawe papo hapo, na Juma kama kawaida yake akaongeza chumvi. Ami Mohamed hakucheka. Aliuliza tu, "Na Ben je?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyemjua. Yakhe, watu wanaokaa baraza moja na Wangazija miaka yote hii hawamjui El Fardou Ben Nabouhane, mshambuliaji wa Komoro aliyeichezea Red Star! Nimeona bora nikuandikie kwa kirefu, maana wewe uko hapo hapo na unaupita uwanja wake ukienda chuoni.

Nianze na msimu wenyewe, 2020/21. Ligi Kuu ya Serbia wakati ule kwa kawaida ilikuwa na timu 16. Mwaka ule zilikuwa 20, kwa kuwa msimu uliotangulia ulikatizwa na korona, hakuna aliyeshushwa, na walioshinda daraja la chini wakapandishwa vile vile. Kwa hiyo mechi 38 kwa kila timu, na mwisho wake sita kushuka kwa mkupuo ili ligi irudi 16. Hapo unaelewa kwamba kule chini hakuna timu iliyokuwa ikicheza kwa mzaha. Rad, watu wa Belgrade hapo hapo, wakashuka. Javor, Mačva, Inđija, Bačka wakashuka. Zlatibor ya Čajetina, wale waliotoka milimani kwa furaha yao yote ya kupanda, wakashuka. Novi Pazar, mji wa Waislamu kule Sandžak, walikuwa wamepanda mwaka huo huo na wakasalimika, nami nilifurahi kama wa kwetu.

Sasa tazama kilichofanywa juu. Red Star, Zvezda kama mnavyowaita huko, mechi 38: wameshinda 35, sare tatu, hawakufungwa hata moja. Mabao 114, wakaruhusu 20. Pointi 108. Wewe shabiki wa Arsenal hadi leo hunyamazi kuhusu ule msimu wao wa 2003/04 wa kutofungwa. Arsenal walimaliza na pointi 90 kwa mechi zile zile 38. Celtic msimu wa 2016/17, nao bila kufungwa, walipata 106. Rangers mwaka ule ule wa Zvezda hawakufungwa, wakapata 102. Najua utaniambia Serbia si Uingereza. Sawa, sibishani na hilo. Lakini Scotland nako kuna timu mbili tu, mbona Celtic hamkuwaita wanaosindikizwa?

Halafu kuna hili ambalo ndilo linaloivunja hoja yako: Partizan, washindi wa pili, walimaliza na pointi 95. Tisini na tano, Suleiman! Yaani wa pili wa Serbia ana pointi tano zaidi ya Arsenal ile unayoisifu, na bado yuko nyuma kwa 13. Unapofukuzwa na mtu wa namna hiyo huna wiki ya kupumzika, ukitoa sare mbili tatu mfululizo anakupumulia kisogoni. Na Partizan wenyewe hawakuwa wametulia. Mwezi wa Mei, msimu ukiwa unamalizika, yule Mjapani wao Takuma Asano aliyekuwa akiwafungia alivunja mkataba akaondoka, akisema hajalipwa mishahara yake. Hapo ndipo nakubaliana nawe kidogo. Pesa za huko hazigawanyiki sawa, na klabu ya pili kwa ukubwa nchini ikifika mahali mfungaji wake anaondoka kwa sababu hiyo, hizo klabu za vijijini zina hali gani? Hilo ni ovu na linaidhuru ligi. Ila ni jambo la viongozi. Wachezaji walioingia uwanjani mara 38 bila kupoteza hawakulifanya wao.

Na viwanja vitupu, usisahau. Korona ilikuwa imewafungia watu nje. Marakana, huo uwanja wa Zvezda, bila mashabiki wa jukwaa la kaskazini kuimba ni uwanja gani?

Basi nirudi kwa Ben. Mzaliwa wa Mayotte, mchezaji wa Komoro, mfungaji wao bora wa wakati wote. Aliingia Belgrade mwaka 2018 akitokea Ugiriki. Mwezi Agosti mwaka huo Zvezda wakaenda Salzburg, mechi ya marudiano ya kutafuta kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ya kwanza ilikuwa 0-0. Salzburg wakafunga mbili, na kila mtu akaona imekwisha. Dakika ya 65 Ben akafunga. Dakika ya 66, mpira haujatulia tangu uanzishwe katikati, Ben akafunga tena. 2-2, Zvezda wakapita kwa goli la ugenini, ile sheria kwamba jumla ikiwa sawa anapita aliyefunga mengi ugenini. Klabu iliyokuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1991 kule Bari ilikuwa haijaonekana kwenye makundi ya mashindano hayo tangu enzi hizo, na aliyeirudisha ni kijana wa visiwani, ndugu yetu wa bahari moja. Miezi michache baadaye wakamfunga Liverpool 2-0 hapo hapo Marakana, na Liverpool ile ndiyo iliyobeba kombe mwisho wa msimu.

Ninachokutaka ukione ni kinachofuata. Msimu wetu ule wa pointi 108 Ulaya haikuwaendea vizuri mwanzo, Omonia ya Cyprus iliwatoa kwa matuta mwezi Septemba kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Wakaangukia Ligi ya Europa, wakamaliza wa pili kwenye kundi nyuma ya Hoffenheim, wakapangiwa AC Milan. Februari 2021. Mechi ya Belgrade ilikwisha 2-2, Pavkov wa Zvezda akisawazisha dakika za majeruhi. Wakaenda San Siro, nyumbani kwa Milan. Milan wakapata penalti mapema, Kessié akaiweka. Dakika ya 24, nani? Ben. 1-1. Na ikabaki hivyo hadi filimbi.

Kwa hiyo Milan, walioshika nafasi ya pili Italia mwaka ule, hawakuweza kuwafunga Zvezda, nyumbani wala ugenini. Waliwatoa kwa goli la ugenini. Sheria ile ile iliyowabeba Zvezda kule Salzburg kwa mabao ya Ben ndiyo iliyomnyang'anya Ben San Siro. Na miezi minne baadaye UEFA wakaifuta! Ingefutwa mwaka mmoja kabla wangeongezewa dakika 30, na nani ajuaye. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili, mke wangu ananiambia niliache. Siwezi. Timu inayosindikizwa tu kwao haiendi San Siro ikatoka sare.

Mechi ile ya Belgrade lakini ilikuwa na doa, na hili nakuuliza kwa moyo mzito. Kuna mtu, katika wachache waliokuwa jukwaani, alimtukana Ibrahimović wa Milan, matusi ya asili yake ya Kiislamu ya Bosnia, na klabu ikabidi iombe radhi. Wewe ukipita karibu na uwanja siku za mechi wanakuangaliaje? Mama yako hajasikia habari hizi na mimi sitamwambia, ila niambie mimi ukweli.

Kocha alikuwa Dejan Stanković, unamkumbuka yule wa Inter aliyebeba Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Alikulia hapo hapo Zvezda, akauzwa Lazio akiwa kijana, akarudi Desemba 2019 kuwafundisha. Golini Borjan wa Kanada. Nyuma Degenek wa Australia. Katikati Kanga wa Gabon, yule ambaye Kongo walimlalamikia CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka ule ule wakidai si yeye anayesema ni yeye. Rafiki yetu wa Lubumbashi alinipigia simu usiku kwa hasira, baadaye CAF ikaitupa ile kesi, na tangu hapo jina la Kanga hataki kulisikia. Mbele Falcinelli wa Italia, Ivanić wa Montenegro, Katai mwenyeji, na Ben wetu. Mwisho wa Mei wakakutana na Partizan tena, fainali ya kombe. 0-0, wakaenda matuta, Zvezda 4-3. Makombe yote mawili ya nchi kwa mwaka mmoja.

Na katikati ya hayo yote, tarehe 25 Machi 2021, mwezi mmoja tu baada ya San Siro, Komoro wakatoka 0-0 na Togo pale Moroni wakafuzu AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ami Mohamed alilia, nilimwona kwa macho yangu, mzee yule aliyezika ndugu zake bila chozi kuonekana. Fainali zilipochezwa Januari 2022 kule Kameruni wakamfunga Ghana 3-2. Goli la kwanza, dakika ya nne, lilikuwa la Ben. Watu wote wa dunia wakawa wanaulizana yule ni nani. Belgrade hawakuuliza.

Ndiyo maana neno lako liliniuma, yakhe. Sikulaumu, wewe ni mgeni huko na unaona msimamo wa ligi wa leo tu. Lakini unaposema ligi ile haina kitu unamfuta na yeye, na sisi huku hatuna wengi wa namna yake hata tuwafute. Tena Waserbia si wageni kwetu. Kocha Kopunović alikuja uwanja wa Amaan na Simba Januari 2015 akabeba Kombe la Mapinduzi. Kocha Micho alipita Yanga, kisha akawapeleka Uganda AFCON ya 2017 baada ya kuikosa tangu 1978. Wao wanatujua. Sisi tunawajua kwa makocha waliofukuzwa tu.

Sasa haja yangu. Ami Mohamed anataka jezi ya Zvezda, ile ya mistari myekundu na myeupe, yenye jina la Ben mgongoni. Najua keshaondoka klabuni na dukani huenda hawaichapi, lakini nasikia nje ya uwanja siku za mechi kuna wauzaji wanaouza za zamani. Saizi kubwa, maana anataka kuivaa juu ya kanzu. Pesa nitampa mama yako mkononi, usiniambie habari ya kuacha. Mpwa wa Maulidi anapita Istanbul mwezi ujao, ukimpata mtu wa kuifikisha hapo, yeye ataileta.

Na nijibu haya, usinijibu nusu nusu kama kawaida yako. Umewahi kuingia Marakana au unaipita nje tu? Ile njia ya chini kwa chini wanayopita wachezaji kutoka vyumbani ni ndefu kweli kama wanavyosema? Kile kifaru cha vita cha zamani mashabiki walichokiweka nje ya uwanja mwaka 2019 bado kipo? Kutoka hapo mpaka kwa Partizan unakwenda kwa miguu dakika ngapi? Wenzako wa chuoni wakisikia unatoka Zanzibar wanajua kwamba Komoro ni jirani yetu? Kuna hata mmoja anayemkumbuka Ben, na akimtaja anasemaje, hasa ule usiku wa Salzburg? Unaswali Ijumaa wapi, msikiti ule wa Bajrakli au mbali? Na mtihani wa lugha umeupita, mbona umenyamaza?

Nisalimie wote wa hapo. Ukipata jezi nipigie hata usiku.

Nduguyo,
Khamis